Njia ya Kushukia

Methali zetu hazimhurumii anayeshuka. Aliye juu mngoje chini, twasema, na mwenye kuitamka mara nyingi ana lake moyoni. Mpanda ngazi hushuka, twaongeza, na hapo kushuka kumekuwa adhabu iliyochelewa tu. Hata waliofika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, ukiwaketisha wakusimulie watakupa usiku mzima wa kutoka Kibo: baridi, kichwa kinachogonga, mwongozaji anayerudia pole pole, jua linalochomoza wakiwa ukingoni mwa kreta. Kuhusu kurudi watakupa sentensi moja, kwamba magoti yaliuma. Kupanda ndiyo kazi. Kushuka ni kwenda kupumzika.

Wapo watu wachache waliopindua hesabu hiyo. Wanapanda ili washuke. Wanasukuma baisikeli, na pengine kuibeba begani, kwa saa mbili au tatu, wakitafuta mteremko utakaokwisha kabla chai haijapoa kwenye chupa. Nataka kuwasifu, ila si kwa kile wanachosifiwa kila siku. Ujasiri wao umeshapigwa picha za kutosha. Hakuna simu isiyo na video ya kijana anayeruka jabali huku muziki ukipiga. Ninachokistahi mimi ni kazi isiyopigwa picha: kuamua utashukia upande gani, saa ngapi, na mwamba ukiwa katika hali gani. Anayeijua kazi hiyo ameshauteremka nusu ya mlima kabla gurudumu halijazunguka.

Mlima ninaoufikiria ni Yr Wyddfa, kaskazini mwa Wales, ambao Waingereza wameuita Snowdon kwa karne nyingi. Mamlaka ya hifadhi iliamua Novemba 2022 kwamba jina la Kiwelisi ndilo litakalotumika katika shughuli zake, nami nitalifuata. Kimo chake ni mita 1,085. Msomaji wa Lushoto anaruhusiwa kutabasamu, maana mji wake umekaa juu zaidi kuliko kilele hicho. Lakini mlima haupimwi kwa mita peke yake. Huu ndio mrefu kuliko yote ya Wales, unaanzia karibu na usawa wa bahari, unapigwa na upepo utokao baharini, na kipande chake kimoja, ukingo wa Crib Goch, hupata mvua ya zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka. Isitoshe, umejaa watu. Zaidi ya nusu milioni huupanda kila mwaka. Treni inayopanda kwa gurudumu lenye meno imekuwa ikifika juu tangu 1896, na pale kileleni kuna jengo la mawe na vioo, Hafod Eryri, lililofunguliwa 2009, ambako mtu anaweza kununua kahawa na keki huku akitazama ukungu. Katika likizo za kiangazi watu hupanga foleni ili wapigwe picha penye jiwe la kilele.

Sasa mweke mwendesha baisikeli katikati ya foleni hiyo, umwambie ateremke.

Kilimanjaro kwa habari hii ni rahisi zaidi: baisikeli zina njia yake, ya Kilema, na anayetaka kuzungusha magurudumu huko hana haja ya kukuna kichwa. Yr Wyddfa unakunisha kichwa. Njia zinazotumiwa sana na wapandaji ni sita, nazo zimetandazwa pande zote za mlima. Sheria ya Uingereza na Wales inagawa njia za mashambani katika madaraja. Zile za miguu ni za watembea kwa miguu, na zile za farasi, tangu sheria ya mwaka 1968, zimefunguliwa kwa baisikeli pia, kwa sharti kwamba mwenye baisikeli atampisha mwenye miguu na mwenye farasi. Kwa kipimo hicho njia tatu zinaanguka mara moja. Pyg na Miners, zinazopanda kutoka mashariki, ni za miguu. Watkin, iliyofunguliwa 1892 na Waziri Mkuu Gladstone akiwa na umri wa miaka 82, akasimama juu ya mwamba akahutubia umati, nayo ni ya miguu. Zinabaki tatu: Llanberis, Snowdon Ranger na Rhyd Ddu. Ubishi wa waendesha baisikeli wa Wales kuhusu ipi bora kati ya hizo hauna dalili ya kwisha, na mimi nina upande wangu, nitausema.

Kabla ya hapo kuna sharti jingine ambalo si sheria. Ni makubaliano ya hiari: kuanzia tarehe 1 Mei hadi mwisho wa Septemba, waendesha baisikeli wanaombwa wasipande wala wasishuke kati ya kilele na njia hizo tatu kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Hakuna askari anayesubiri na daftari. Mtu anaweza kuyavunja akarudi nyumbani akiwa salama. Ndiyo maana nayapenda kama kipimo cha ustadi: yanamtenganisha fundi na mwenye papara bila mahakama. Mwenye papara huyaona kuwa kufuli. Fundi hujua kwamba hata bila makubaliano hayo asingegusa mlima saa sita mchana wa Agosti, kwa sababu mteremko uliojaa watoto, fimbo za kutembelea na mbwa wa kila rangi si mteremko tena. Utafunga breki kila baada ya mita tano, utaomba radhi mpaka ulimi ukauke, na ukifika chini hutakuwa umeendesha chochote.

Nahodha wa jahazi analijua jambo hili bila kufundishwa. Mlango wa kupenya miamba ya matumbawe uko palepale asubuhi na jioni, ila si mlango kila saa; maji yakipwa ni jabali, yakijaa ni njia. Kwa hiyo nahodha hachagui mahali tu, anachagua mahali na maji. Pale Wales maji yanayojaa na kupwa ni watu. Mwezi Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na halitui mpaka saa tatu na nusu usiku imepita, jambo ambalo mtu wa Ikweta hachoki kulishangaa. Kuna basi saa nyingi za mwanga pande zote mbili za ule muda uliofungwa. Wa alfajiri hupanda gizani na tochi kwenye kofia, wakawahi mwanga wa kwanza juu. Wa jioni huanza kupanda watu wakishuka, wakisalimiana njia nzima, na kuupata mlima ukiwa mtupu. Mimi ni wa alfajiri. Jioni mwamba umekauka vizuri zaidi, nakiri, lakini mtu anayeshuka jioni anashindana na giza, na kushindana na kitu chochote wakati wa kushuka ni mwanzo wa kuvunjika mkono.

Mchezo huu ulianza na swali hilohilo la wapi pa kushukia. Kaunti ya Marin, jimbo la California, katika miaka ya 1970, vijana walichukua baisikeli nzito za zamani zenye matairi manene, zile za gia moja ambazo breki yake ni kukanyaga pedeli kinyumenyume, wakazipeleka kwenye barabara za vumbi za zimamoto. Mashindano yao yaliyobaki katika kumbukumbu yalianza Oktoba 1976, katika mteremko mmoja karibu na mji wa Fairfax wenye takriban kilomita 3.4 na kushuka kwa mita 400 hivi. Waliuita Repack, kwa kuwa ukifika chini grisi ya ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma ilikuwa imeungua na kuwa moshi, na ilibidi ukifungue kitovu ukijaze grisi upya kabla ya kurudi juu. Miongoni mwao walikuwa Gary Fisher, Charlie Kelly na Joe Breeze, na ni katika kutafuta chombo kitakachostahimili mteremko huo ndipo Breeze alipounda fremu zake za kwanza mwaka 1977. Biashara yote ya baisikeli za milimani, yenye mabilioni yake ya dola, ni mtoto wa mteremko mmoja uliochaguliwa vizuri.

Lakini Marin ina somo la pili, lenye uchungu. Hapo karibu kuna mlima Tamalpais, unaopendwa na watu wa San Francisco kwa mwendo wa miguu na wa baisikeli vilevile. Baisikeli zilipoongezeka, watembea kwa miguu walilalamika, wapanda farasi wakalalamika, na leo njia nyembamba za mlima huo kwa sehemu kubwa zimefungwa kwa baisikeli. Kwenye barabara za vumbi mwendo umewekewa kikomo cha maili 15 kwa saa, yaani kilomita 24. Mahali ulipozaliwa mchezo ndipo palipobanwa. Waendesha baisikeli wa Yr Wyddfa wanaijua hadithi hiyo, na wanaokaa mbali na njia mchana wa Julai wanafanya hivyo wakiikumbuka.

Turudi kwenye zile tatu.

Llanberis ndiyo ndefu kwa kupanda na nyepesi kwa kushuka. Inafuata reli kwa ukaribu, kilomita saba na kitu, pana, haina ujanja mwingi. Wageni wengi huichagua kwa sababu wamepandia hapo na wanaijua, na sababu hiyo si ya kubezwa: umeshaukagua mteremko kwa miguu yako, umeona mtaro uko wapi na jiwe lililolegea liko wapi. Tatizo lake ni mitaro. Watunza njia wameweka mistari ya mawe inayokatiza njia ili maji ya mvua yatoke pembeni yasiichimbe, na mistari hiyo iko mingi. Kwa mwenye miguu ni ngazi ndogo. Kwa mwenye baisikeli anayeteremka kwa kasi kila mmoja ni kinywa cha mawe makali kilichofunguka kwa upana wa gurudumu, na tairi likiingia bila kunyanyuliwa, rimu hubana mpira kwenye jiwe na pancha mbili hutokea mara moja. Wanaojua hupunguza mwendo, husimama juu ya pedeli, huuvuka mtaro kwa pembe mraba na kulifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi kwa nukta moja. Hiyo ni raha ya kutosha kwa siku moja. Juu ya kituo cha treni cha Clogwyn kuna mteremko mkali, na katika majira ya baridi, theluji ikigeuka barafu, mtelezo wa upande huo umeua watu. Kisha kipande cha chini kabisa ni lami yenye mwinuko wa kuchosha, unaposhikilia breki mpaka vidole vife ganzi. Njia nzuri. Ila imekuwa nzuri kwa kila mtu, na hapo ndipo inapopungukiwa.

Rhyd Ddu ni kinyume chake. Inaondoka kileleni kuelekea kusini magharibi kupitia Bwlch Main, mgongo mwembamba wa mwamba wenye utupu pande zote mbili. Kuna mahali ambapo mwenye akili timamu hushuka kwenye kiti akaibeba baisikeli, na kuna wasio na akili timamu ambao hawashuki, nao tuwaombee. Baada ya hapo njia inakaa juu ya ukingo wa Llechog, na bonde zima limefunguka kuliani kwako, halafu inaingia kwenye mawe mabaya yaliyovunjikavunjika. Wanaoipenda huipenda kwa sababu inawatisha. Siwalaumu. Lakini naona wanachanganya ugumu na ubora, kosa la zamani katika fani zote, na hasa katika ushairi. Njia inayokulazimisha kushuka kwenye baisikeli ili uipite imekunyima kile ulichokijia.

Basi ni Ranger. Jina lake limetokana na mwongozaji wa karne ya 19 aliyewapandisha wageni mlimani kutoka kwenye nyumba yake ya wageni kando ya ziwa Cwellyn, upande wa magharibi. Kwa hiyo ni njia iliyochaguliwa na mtu wa kazi, aliyepita na farasi na mabwana wazito na kurudi nao wazima. Mwinuko wake ni wa mnyama aliyebebeshwa mzigo, na mwinuko wa mnyama, kwa bahati, ndio unaoifaa baisikeli: mkali unapobidi, haukatiki ghafla.

Kutoka kileleni unateremka pamoja na reli mpaka Bwlch Glas, ambako jiwe refu lililosimamishwa linaonyesha pale Pyg na Miners zinapodondokea upande wa pili. Usidanganyike nalo. Chini kidogo kuna jiwe jingine, na hapo ndipo unapoiacha Llanberis, ukavuka reli kwenda kushoto. Ukungu ukiwa mzito, na huwa mzito, kuyajua mawe hayo mawili ndiyo tofauti ya kulala nyumbani na kulala mlimani. Baada ya reli unaingia juu ya genge la Clogwyn Du'r Arddu, ukuta mweusi ambao wapanda miamba wa Uingereza huutaja kwa heshima. Wewe huuoni, uko chini ya miguu yako upande wa kulia, lakini upepo unaopanda kutoka huko utakuambia upo. Mawe hapa yamelegea, makubwa na madogo pamoja. Kisha zinakuja kona.

Kona za Ranger ndizo zinazonifanya niiweke mbele ya nyingine. Njia inajikunja kushoto na kulia ikishuka ubavu wa mlima, na kila mkunjo ni mtihani kamili: breki kabla ya kona, siyo ndani yake, kiti kimeshushwa chini, uzito uko kwenye miguu, viwiko vimefunguka, macho yameshatoka kwenye kona na kwenda kwenye njia inayofuata, kwa maana baisikeli huenda macho yanakotazama, na anayelitazama jiwe analoliogopa hulipata. Kidole kimoja kwa kila breki kinatosha. Ya mbele ndiyo yenye nguvu, hiyohiyo ndiyo inayokupindua ukiibana kwa hofu. Ya nyuma ikibanwa mno gurudumu hujifunga, linateleza, linachimba njia, na mvua ijayo itaufanya mchimbo huo mfereji. Kwa hiyo hata namna ya kufunga breki ni namna ya kuitunza au kuiharibu njia ya wengine. Mkono mzito huacha alama. Ukipita baada ya fundi hutajua kama alipita.

Watu wa Goma wangeelewa haya yote kwa haraka. Huko Kivu ya Kaskazini vijana huteremsha mamia ya kilo za viazi, mkaa na kabichi kutoka vilimani juu ya chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na pedeli wala gia, ambacho breki yake ni kipande cha raba kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Mwenye chukudu naye anachagua: barabara hii ina lami lakini ina malori, ile ina mawe ya lava lakini haina wa kumgonga. Mjini wamekisimamishia chombo hicho sanamu ya rangi ya dhahabu, na wamefanya haki. Tofauti ni kwamba yeye anachagua kwa ajili ya mkate, naye wa Wales kwa ajili ya raha, na sitajifanya kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Ila jicho linalopima mteremko, mzigo na breki kwa mtazamo mmoja ni jicho lilelile. Milima yetu haijakosa watu wenye jicho hilo. Adrien Niyonshuti wa Rwanda, aliyebeba bendera ya nchi yake katika Olimpiki ya London mwaka 2012, hakwenda huko kushindana barabarani. Alishindana katika baisikeli za milimani, kwenye vilima vya Hadleigh Farm, Essex.

Chini ya kona ardhi inatulia. Unapita juu ya ziwa dogo, Llyn Ffynnon-y-gwas, na mawe yanapungua, nyasi zinaanza. Wengi hudhani kazi imekwisha hapo. Nyasi zenye maji ni hila. Chini yake kuna udongo mweusi wa kinamasi unaomeza gurudumu la mbele mpaka kitovuni, na mwendesha baisikeli aliyekuwa makini juu ya mawe anajikuta amepaa juu ya usukani mahali ambapo mtoto angepita akiimba. Baada ya siku kavu, ni uwanda wa kuachia breki na kucheka kwa sauti. Baada ya wiki ya mvua ni afadhali kwenda Llanberis ukapambane na mitaro. Hii nayo ni sehemu ya kuchagua: Ranger ni bora, lakini si kila Jumamosi. Anayesema njia fulani ni bora bila kusema mvua ilinyesha lini hajasema kitu.

Mwamba wenyewe pia una tabia. Sehemu kubwa ya mlima huu imejengwa na majivu na mawe ya volkano yaliyotoka zamani sana chini ya bahari, na mawe hayo, yakiwa na ukwaru wake, hushika tairi hata yakilowa. Yanayoteleza ni yale yaliyosuguliwa na buti. Nusu milioni ya watu kwa mwaka ni msasa mkubwa, na kwenye njia zinazopendwa zaidi utayaona mawe yanang'aa. Ukiyaona yanang'aa na yana maji, usiyaombe msamaha wala usiyafungie breki. Yapite ukiwa umenyooka, ukafunge breki mbele kwenye jiwe lililokwaruka. Mchaguaji hodari anaichagua njia kwanza, halafu ndani ya njia anaendelea kuchagua, upana wa kiganja kwa upana wa kiganja, mpaka chini. Ni uamuzi uleule uliopunguzwa ukubwa.

Kuhusu chombo nitasema machache, kwa kuwa wauzaji wameshasema mengi. Shokapu nzuri mbele na nyuma husaidia. Breki za diski zenye kimiminika zinasaidia zaidi, na hata hizo, mteremko ukiwa mrefu na mkono ukiwa mwoga, huchemka zikalegea. Dawa yake ni kubana kwa nguvu kwa muda mfupi na kuachia zipoe, badala ya kuziburuza njia nzima. Matairi yasijazwe mpaka yagonge. Zaidi ya hapo fedha hainunui. Nimewaona watu wenye baisikeli za bei ya pikipiki wakishuka Llanberis wakiwa wamekakamaa, na mzee mmoja mwenye fremu ya chuma iliyofifia rangi akawapita kwa adabu, akiita salamu ya Kiwelisi kila alipomkuta mtu.

Salamu hiyo si mapambo. Kengele ndogo na sauti ya mapema humfanya mpanda mlima asogee bila kushtuka, na mpanda mlima asiyeshtuka hataandika barua kwa hifadhi. Ukikutana na kundi kwenye kona, unasimama kabisa, mguu chini, wapite. Unapoteza mwendo, na kona ile huipati tena mpaka siku nyingine. Wengine huona uchungu. Ila kwa Scotland, ambako sheria ya 2003 imempa mwenye baisikeli ruhusa ya kupita karibu kila mahali alimradi awajibike, adabu hiyo ndiyo inayolinda ruhusa. Na Wales, ambako ruhusa ni finyu, inalinda kidogo kilichopo.

Kasoro ya Ranger inajulikana: inakutupa upande usiofaa. Umeegesha gari Llanberis, na mteremko umekufikisha karibu na ziwa Cwellyn, mlima mzima ukiwa kati yako na soksi kavu. Wengi huipa Ranger alama ndogo kwa sababu hiyo, au humwomba rafiki awazungukie na gari. Mimi naona kasoro hiyo ndiyo iliyoikamilisha. Kabla hujafika ziwani kuna njia panda, nayo inaelekea kaskazini kwenda Maesgwm, bonde ambalo waendesha baisikeli hulijua zaidi kwa jina la Telegraph Valley. Unaiacha Ranger hapo, unapanda tena, mara hii polepole, ukisukuma sehemu, mapaja yakikumbuka alfajiri. Sipendi kupanda huku na sitajifanya napenda. Unafika kwenye mwanya kati ya vilima, unavuka lango la kondoo, na bonde lenye pande mbili za kijani linajinyoosha mbele yako mpaka Llanberis.

Kushuka Maesgwm hakuna sifa ya mlima mkubwa. Hakuna genge, hakuna reli, na hakuna anayepiga picha. Njia imechongwa ubavuni mwa bonde, nyembamba, laini kuliko kitu chochote ulichokutana nacho tangu kileleni, na inapinda taratibu kwa umbali mrefu, kiasi kwamba unaweza kuachia breki kwa sekunde nyingi mfululizo ukasikia matairi tu. Watu husema ni kitindamlo. Nadhani wamekosea: baada ya saa kadhaa za kubana na kupima, hapa ndipo mikono inapolegea na ndipo unapogundua kwamba umeacha kufikiri juu ya mstari, mstari unajichagua. Kondoo wanahitaji kutazamwa. Malango yanahitaji kufungwa nyuma yako, yote, hata kama aliyetangulia ameyaacha wazi.

Ukianza kupanda saa tisa usiku, utaingia Llanberis kwenye saa tatu asubuhi hivi, kukiwa na kama saa nzima kabla ya ule muda wa makubaliano kuanza. Barabarani utakutana na waendesha baisikeli wengine wakifunga kofia zao, wamechelewa, wakiangalia saa na kubishana kama bado wanaweza kuwahi kilele. Hawawezi. Waelekeze Maesgwm.